Jiwe mlangoni mwa diko: nyundo, kabari, chokaa ya kupasulia au baruti?

Chale_wa_Manda

Assalaam aleikum jamaa. Nina suala, na nataka majibu ya waliowahi kuishika kazi hii kwa mikono yao. Wale wa kuona video, tafadhalini someni tu.

Diko letu, pale tunapopwelezea boti, liko upande wa kisiwa cha Manda, Lamu. Mlangoni, pale boti zinapokata kuingia, pana jiwe. Bamvua iliyopita, siku zile maji yanapojaa na kutoka sana, nililipima kwa kamba: urefu mita 7, upana mita 4, na kutoka mchangani hadi utosini mita 1 na robo. Bamvua maji yakitoka kabisa, utosi hutokeza kiasi cha ndege kusimama. Maji mafu, siku yasipotoka sana, hufunikwa kutwa kucha, na hapo ndipo linapokula watu, maana hulioni. Mwaka huu limeng'oa propela tatu na kupasua boti moja ya faiba. Faiba hiyo ni yangu.

BMU, kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo, tumechanga na kuna mfadhili atakayeongeza. Mkandarasi mmoja anataka kuleta ekskaveta juu ya tishali (chombo bapa cha kubebea mizigo), ifungwe nyundo ya haidroliki. Mwengine anasema wapiga mbizi watoboe mashimo, watie kabari za haidroliki. Wa tatu anauza ile chokaa ya kupasulia, ya kumimina shimoni. Na barazani kuna mzee anasema baruti, siku moja kazi imekwisha. Nipeni ulinganisho wa kweli.

FundiGati

Wa aleikum salaam. Nimeendesha nyundo juu ya tishali miaka kadhaa, kwa hivyo nianze na hiyo.

Nyundo ya ekskaveta ya nchi kavu huwezi kuichovya majini hivi hivi. Ndani mna pistoni inayopiga tindo, na kati yao pana nafasi. Nafasi hiyo ikijaa maji, pistoni inapiga maji badala ya chuma, na maji hayabonyei. Sili zinapasuka, maji ya chumvi yanaingia kwenye oili, halafu pampu ya ekskaveta yenyewe inakufa. Ndiyo maana nyundo ya majini huwekewa mpira wa hewa kutoka kwa kompresa, hewa isukume maji nje muda wote nyundo ikiwa chini. Mkandarasi wako muulize neno moja tu: kompresa ya nyundo iko wapi? Akikutazama macho makavu, mwache aende zake.

La pili ni kupiga hewa. Tindo likiteleza jiweni na nyundo ikaendelea kupiga, nguvu yote inarudi kwenye boliti. Nchi kavu unaona ukaacha. Majini dereva haoni kitu, anasikiliza kwa makalio.

La tatu ni tishali lenyewe. Lazima liwe na nguzo za kushuka hadi chini lisimame juu yake. Likikaa kwa nanga tupu, kila pigo linarudi nyuma, na tindo linacheza juu ya jiwe kama kuku anadonoa.

Na hapo sijagusa gharama. Nyundo yenyewe si ghali. Ghali ni kulifikisha tishali Manda, kulipandisha ekskaveta na kulirudisha lilikotoka. Kwa jiwe moja la mita za ujazo 35 unakodi jahazi kubeba kikapu cha embe.

Lakini kabla ya yote, hilo jiwe ni la aina gani?

MtuWaMaweni

Swali la FundiGati ndilo. Sisi huku Maweni tunakata mawe ya kujengea tangu babu zetu, na nawaambia jiwe la matumbawe si jiwe moja. Ganda la juu lililopigwa na jua na hewa ni gumu, sururu inaruka. Ukilivunja ganda, ndani ni laini, lina vitundu kama mkate wa mofa, ukalikata tofali kwa shoka. Likikaa nje ndipo linapokaza. Wazee waliochonga vidaka na nakshi za nyumba za Lamu walilitoa lile tumbawe laini baharini likiwa bado bichi, wakalichonga upesi kabla halijakauka.

Sasa chukua mtaimbo, maji yakitoka lipige juu na ubavuni. Likilia ti! ti! kama kengele, ni gumu na limeshikana. Likiitika bu, kama gogo lililooza, lina vitundu. Jibu la mashine liko hapo, haliko kwa mkandarasi.

FundiGati

Sawasawa kabisa. Watu hudhani jiwe laini ni rahisi kwa nyundo. Ni kinyume. Jiwe gumu linapasuka: pigo linatembea ndani, ufa unakimbia, kipande kinaanguka. Jiwe la vitundu linameza pigo. Tindo linazama, unatoboa shimo la duara, unalichomoa, unatoboa jengine, jioni una jiwe lenye matundu kama kichungi na halijavunjika.

Kwa tumbawe mimi ningechagua ngoma ya meno. Ni kichwa chenye ngoma mbili zinazozunguka, zimepandwa meno ya chuma kigumu, kinafungwa mahali pa ndoo ya ekskaveta. Haipigi, inakwangua. Inaacha uso uliolala sawa na mabaki madogo kama kokoto. Ubaya wake ni vumbi: maji yanakuwa maziwa, na vumbi hilo likitua juu ya matumbawe hai linayaziba. Na bado unahitaji lile tishali.

Baharia_77

Mnahangaika bure. Kule Kanada palikuwa na jiwe likiitwa Ripple Rock, limezamisha vyombo chungu nzima. Walichimba handaki kutoka kisiwani, wakapita chini ya bahari, wakapanda ndani ya jiwe lenyewe, wakalijaza baruti tani 1,375. Tarehe 5 Aprili 1958 wakalirusha. Basi.

BintiFaza

Baharia, kaka yangu, wale walikuwa na serikali nzima nyuma yao na mlango bahari unaopitisha meli. Huyu ana propela tatu.

Na baruti majini si sawa na baruti kwenye kwari. Maji hayabonyei, kwa hivyo mshindo unakwenda mbali, na samaki ana kifuko cha hewa tumboni. Kile ndicho kinachopasuka. Kasa naye ana mapafu. Visiwa hivi vyetu bado vina nguva wachache. Unataka kueleza watu wa hifadhi ya bahari ya Kiunga kwamba umewaua kwa sababu ya mlango wa boti kumi? Halafu tumbawe la vitundu linavujisha gesi ya baruti kama gunia, mshindo mkubwa, jiwe limekaa pale pale.

Kisheria, baruti Kenya ina sheria yake peke yake, anayelipua lazima awe na leseni ya kazi hiyo. Na hata bila baruti, kuvunja mwamba baharini ni kazi ya kuanzia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Msiseme ni jiwe dogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya bandari ya Lamu, wavuvi zaidi ya 4,000 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mojawapo ya hoja ilikuwa watu kutoshirikishwa. Sisi ndio tuliolalamika pale. Leo tukavunje wenyewe bila karatasi?

Chale_wa_Manda

Dada, umenipata. Baruti imetoka. Nani ametumia kabari au ile chokaa?

Mzamiaji_K

Mimi, zote mbili.

Kabari ya haidroliki ni ile kabari ya seremala, ila imevaa mashavu mawili ya chuma. Unatoboa shimo, unaisokomeza, pampu inasukuma kabari katikati, mashavu yanatanuka. Jiwe lina nguvu sana ukilibana na ni dhaifu sana ukilivuta, kama sehemu moja kwa kumi. Kabari inalivuta. Haina kishindo wala vumbi, samaki wanakutazama. Niliitumia kwenye zege la gati la zamani na ilikuwa raha: tak, linafunguka kama dafu.

Tumbaweni ilinichosha. Kwenye ganda gumu ilipasua vizuri. Ilipofika ndani laini, mashavu yakazama ubavuni mwa shimo, jiwe likasagika pale pale bila ufa.

Chokaa ya kupasulia ni unga. Ni ndugu wa chokaa hai, na Mwamu yeyote aliyewahi kumwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni anajua inavyovimba na kuchemka. Unaukoroga na maji, unaujaza shimoni, unatanuka polepole. Kwa joto la bahari yetu, kesho yake una nyufa. Lakini sikizeni mambo haya.

Shimo la tumbawe lina vitundu, uji unakimbilia huko na nguvu inapotea. Jaza kwanza kwenye mfuko mrefu mwembamba wa plastiki, ndipo uusokomeze. Mfuko huohuo unazuia bahari isiuchuje.

Unga una madaraja kwa joto. Bahari hapa haishuki sana chini ya nyuzi 25. Ukinunua unga wa nchi za baridi, utachemka upesi na kutema juu kama mzinga. Rafiki yangu aliinama kuchungulia. Alikuwa amevaa miwani, alhamdulillahi, na hadi leo ana alama shingoni. Usiinamie shimo, basi.

Na usianze katikati ya jiwe. Anza ukingoni, ufa uwe na pa kwendea. Ukianza katikati unalibana jiwe na jiwe linabana shimo lako.

UpepoWaMatlai

Kwani boya haliwezi? Weka boya jekundu na taa ya sola, watu wakwepe. Rahisi.

Chale_wa_Manda

Tuliweka, ndugu. Mara mbili. Mara ya kwanza kusi lilikata mnyororo. Mara ya pili taa ilionekana ikiwaka kibarazani kwa mtu.

MzeeWaMkomani

Wanangu, niliketi kimya nikiwasoma. Hilo iwe, hilo jiwe lenu, nalijua. Nimelipita kwa dau kabla ya hao wenye faiba kuzaliwa, na halikunigusa, maana twalijua.

Nami nauliza: nani amewaambia lote liondoke? Iwe hilo limekamata mtanga nyuma yake. Kusi ikivuma, mtanga walala pale, ndipo diko lenu likawa na pa kupweleza. Mking'oa lote hadi chini, mtanga utatembea, na kusi ya pili mtakuja uliza mashine ya kuzoa mtanga. Mai yana akili yake. Liondoeni kitwa, mwili uacheni ulale.

FundiGati

Mzee wetu, shikamoo. Kazi umeikata nusu kwa sentensi moja.

Chale, tufanye hesabu. Boti zenu na injini iliyoshushwa zinakula maji sentimita 60 au 70. Ukiondoa sentimita 60 za juu, maji mafu mtapita bila wasiwasi, na bamvua maji yakitoka kabisa hakuna anayepita pale hata hivyo. Mita 7 kwa 4 kwa 0.6 ni kama mita za ujazo 17. Hiyo si kazi ya tishali tena. Ni kazi ya watu, mashimo na subira.

Na hiyo sehemu ya juu ndilo ganda gumu, ambalo Mzamiaji anasema linapasuka vizuri. Bahati yenu.

Ila msisahau mabaki. Jiwe likivunjwa linavimba, mita 17 zinakuwa kama 25 za vipande. Mkiviacha vimelala mlangoni mmebadilisha jiwe moja kwa mia.

MtuWaMaweni

Vipande mtupe sisi, twaweza kuvifanya msingi wa nyumba tukishaviosha chumvi.

Chale_wa_Manda

Nimerudi. Leo asubuhi bamvua, saa nne na nusu maji yalikuwa chini kabisa, nikaenda na mtaimbo na vijana wawili. Utosini ti! ti! hadi mkono ukafa ganzi. Ubavuni, kiasi cha shibiri tatu chini, bu. Mtaimbo ulizama nusu kidole. Matumbawe hai hayapo juu, ni chaza na ukoga tu. Upande wa mashariki yapo machache, nimeyapiga picha nizipeleke kwenye karatasi za NEMA.

Kikao cha BMU jana usiku kilikubali neno la Mzee: kitwa tu. Tutaandika barua kwanza. Ikikubaliwa, tutatoboa kwa kompresa maji yakiwa yametoka, wakati jiwe li wazi au lina maji ya magotini, tutajaza ile chokaa kwenye mifuko tukianzia upande wa magharibi, na bamvua inayofuata tutavibomoa vipande kwa mitaimbo na kuvivuta kwa kapi. Kabari ya haidroliki tutaikodi siku mbili kwa pale patakapogoma. Kila bamvua tuna kama saa mbili za kufanya kazi kwa siku, siku tatu nne mfululizo, kisha tungoje mwezi ugeuke. Itachukua miezi, lakini hakuna tishali la kulipia.

Mzamiaji, mashimo yakae umbali gani, na unene upi?

Mzamiaji_K

Unene milimita 40 hivi, umbali shibiri moja na nusu. Kina kiishie sentimita kumi juu ya pale mnapotaka ufa ukome, usiingie kwenye laini. Toboa kwa kuinamisha kidogo kuelekea ukingo. Na chombo cha kutobolea kioshe kwa maji matamu kila jioni, hata kama Lamu maji matamu ni kama zafarani.

Chale_wa_Manda

Kompresa ya gereji ninayo, ila ni ya kupuliza magurudumu. Haitasukuma chombo cha kutoboa mwamba, sivyo?

MtuWaMaweni

Haitasukuma. Iko moja huku kwetu, ya dizeli, mwenyewe ni shemeji yangu. Njoo Jumamosi alasiri, uje na mashua pana, maana ina magurudumu mawili na haipandi faiba. Na uje na mtu wa kuzungumza naye bei. Mimi kwa shemeji siwezi.