Nimelipia oili ya CVT, fundi kaniwekea haidroliki. Gia boksi imekufa Kitonga na leo ananikana

Wakuu, hili jambo nimelikalia wiki 3 nikijizuia. Nimeshindwa.

Gari ni Nissan X-Trail T31 ya 2008, injini ya MR20, gia boksi ya CVT, yaani automatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia. Naitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe, kwa sababu ndiyo inayompeleka mama kliniki na watoto shule. Ilipofika zamu ya kubadilisha oili ya gia boksi nikaipeleka gereji moja hapa Dar. Jina sitaji, shauri lipo njiani.

Nilimwambia fundi mkuu kwa mdomo wangu: hii ni CVT, inatumia oili yake maalumu ya Nissan, NS-2, kama huna niambie nikaitafute mwenyewe Kariakoo. Akanijibu, "Kaka, hizo ndizo tunazoshinda nazo, we nenda kazini." Nikalipa 190,000, oili na ufundi. Nikaenda kazini. Risiti imeandikwa "oili ya gia boksi lita 4", basi. Makopo sikuonyeshwa na sikuyauliza.

Siku ya 4 gari ikaanza kutetemeka kila ninapotoka kwenye mataa. Nakanyaga mafuta, mshale wa RPM unapanda, injini inavuma, gari haichanganyi. Nikarudi gereji. Fundi hata boneti hakufungua. "Inazoea oili mpya, ipe wiki."

Wiki ikapita, ikafika safari ya Iringa, arobaini ya mjomba. Ndani ya gari mama, mke wangu na watoto 2. Mikumi tulipita vizuri. Tulipoanza kupanda Kitonga nguvu zikaanza kukatika. Nakanyaga hadi chini, gari inatambaa, nyuma yangu malori ya Tunduma yananipigia honi. Oili ya CVT ikichemka kupita kiasi, kompyuta ya gari inapunguza nguvu ya injini ili kuiokoa gia boksi, ndicho kilichotokea. Kisha ukatoka mlio kama wa chuma kinachosagwa, na gari ikasimama kwenye kona. Mnaoijua Kitonga mnajua kona zile zilivyo. Mke wangu akashuka na watoto wakasimama ukingoni. Mama magoti hayamruhusu, alibaki ndani akisali kwa sauti. Utingo wa lori moja ndiye aliyekimbia kuweka mawe kwenye matairi na kukata matawi ya kutandika barabarani. Mungu ambariki kijana yule, hata jina lake sikulipata.

Tulivutwa hadi Iringa mjini. Fundi wa kule, mzee mtulivu, akafungua boli mbele yangu. Ikatoka oili nyekundu, inanuka kuungua. Akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, akanionyesha sumaku ya ndani inayonasa vumbi la chuma. Akaniambia, "Mwanangu, sumaku ikiwa na unga laini mweusi kama grisi hiyo ni kawaida. Hivi ni vipande." Nikagusa, vikanichoma kidole. Ndipo akaniuliza nani aliniwekea haidroliki.

Kwa wasioelewa kwa nini nina hasira kiasi hiki: CVT haina gia kama automatiki ya kawaida. Ndani kuna puli 2 na mkanda wa chuma, wenye mamia ya vipande vidogo vilivyoshikwa na pete nyembamba. Puli zinabanwa kwa presha ya oili, mkanda unashika, gari inakwenda. Ni chuma juu ya chuma, na kinachozuia chuma hicho kisiteleze ni ile oili yenyewe. Imetengenezwa ilainishe na papo hapo iupe mkanda mshiko. ATF, ndiyo hiyo mafundi wanaita haidroliki, imetengenezwa kwa ajili ya klachi za automatiki ya kawaida. Ukiimimina kwenye CVT mkanda unateleza, unakwangua puli, vipande vinazunguka na oili hadi kwenye pampu na valvu bodi inayogawa presha ya oili. Puli ikishakwanguka, hata umimine NS-2 pipa zima haiponi. Kitabu cha gari kimekataza oili nyingine waziwazi.

Nikampigia yule wa Dar. Hakukataa! Alisema hivi: "Oili ni oili bosi, NS-2 ni majina ya biashara tu. Mbona wengine nawawekea hiyohiyo na wanatembea?" Nilipomwambia nataka gharama zangu akabadilika, eti gari ilikuja na ugonjwa wake. Halafu akataka kuniuzia gia boksi ya used kwa 1,700,000, gharantii ya kuwasha tu, ukitoka getini imeisha. Na hakusema lolote kuhusu data za gia boksi hiyo, ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo presha haikai sawa. Hilo nimeelezwa na mzee wa Iringa.

"Wengine nawawekea." Neno hilo ndilo linaninyima usingizi. Kuna watu humu wana haidroliki kwenye CVT muda huu, kesho wanapandisha milima na familia. Kama ulibadilishiwa bila kuona makopo yakifunguliwa, nenda kaikague. Ukikuta siyo yenyewe, ujue kumwaga mara moja hakutoshi, nyingine inabaki kwenye toki konvata, inayounganisha injini na gia boksi, na kwenye kipoza oili. Mwaga, weka sahihi, tembea kidogo, rudia mara 2 au 3. Na ikiwa imeshaanza kutetemeka, usisafiri nayo.

Mimi gari bado iko Iringa juu ya mawe. Oili ile nimeihifadhi kwenye chupa, picha za sumaku ninazo, risiti ninayo, mzee amekubali kuandika alichokiona. Jumatatu nafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Kama kuna aliyewahi kumshtaki fundi akashinda, naomba anieleze hakimu alitaka ushahidi gani. Na aliyewekewa oili kama hii hapa Dar, akiwa tayari kuja kusema mbele ya mahakama, aniandikie pembeni leo.