Mradi wa Gredi ya Nne ni kazi ya mtoto au ya mzazi?

Mzazi Pipeline
Mwezi huu watoto wa Gredi ya Nne wako kwenye Kilimo na Lishe, na wangu ameambiwa atengeneze sanamu ya kutishia ndege. Tunaishi ghorofa ya sita hapa Pipeline, Nairobi. Fito nimeziomba kwa fundi wa mjengo, nyasi kavu nimezinunua kwa mtu anayefuga mbuzi, na shati ni langu la kazini. Kisha inatakiwa picha ya mtoto akifanya kazi hiyo, ya rangi, kwa hivyo ni kwenda saiba kuichapisha tena. Nauliza tu: kazi hizi zifanyiwe shuleni kwa vifaa vya shule, au ziendelee kutumwa nyumbani?

Baba Wawili
Ziendelee. Mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ulipoanza 1985 tulisuka vikapu, tukachonga miiko, na Sanaa na Ufundi tukaifanyia mtihani wa kitaifa. Wazazi wetu hawakulia. Tofauti ni kwamba tulifanya kwa mikono yetu. Siku hizi mama anafika nyumbani saa tatu usiku, mtoto kalala, mradi kaufanya yaya, na asubuhi mama anapiga picha anatuma kwa mwalimu.

Mama Tasha
Mama anafika saa tatu. Mama anapiga picha. Baba yuko wapi katika maelezo yako, Baba Wawili? Mimi hufika saa tatu kwa sababu nashona nguo kiwandani, na karo na kodi ya nyumba havilipwi na anayenihukumu mtandaoni.

Baba Wawili
Sikukutaja wewe. Nimetaja tabia.

Mama Tasha
Tabia ya nani? Taja na ya wanaume basi. Kikundi cha wazazi wa darasa letu kina akina baba wangapi wanaojibu ujumbe wa mwalimu?

Mwalimu Mwea
Nimesoma hapo juu kuhusu picha, na nimeumia. Hatuombi picha kwa kupenda picha. Mtoto ana faili la kazi zake, alama za tathmini tunazipakia kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani, na afisa akija anataka kuona ushahidi. Darasani nina watoto zaidi ya 70. Pesa ya serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, inapofika. Humo mna chaki, karatasi za manila na kila kitu. Nikisema vifaa vitoke shuleni, vitoke wapi?
Na ndege si mchezo. Kwelea wakishuka kwenye mpunga hapa Mwea, mkulima anaweza kukosa hata cha kupeleka nyumbani. Watu wanalipwa kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kuanzia alfajiri. Mtoto anayejua hayo amejifunza kitu cha kweli.

Mzazi Pipeline
Mwalimu, huko Mwea nakubali, shamba liko mlangoni. Wangu sanamu ameisimamisha roshani, kati ya beseni na nguo zilizoanikwa. Amejifunza nini kuhusu mpunga?

Kijana wa Thika
Msisahau kwamba alama za miradi ni asilimia 60. Mzazi asiyenunua vifaa anamzuia mtoto kwenda Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10.

Mwalimu Mwea
Usitishe watu. Hiyo 60 kwa 40 ni ya tathmini za Gredi ya 4 hadi 6 pamoja na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6. Kwa Sekondari Pevu ni KPSEA asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 60.

Achieng wa Busia
Mimi ndiye yaya mnayemtaja. Niko Nairobi, nimeajiriwa, na kweli miradi naifanya mimi. Mtoto ninayemlea hutaka kufanya mwenyewe, lakini tukianza saa mbili usiku anasinzia na gundi mkononi, na mama yake ameniambia isiende kazi mbaya shuleni. Kwa hivyo namalizia. Alama zikija ni zangu.
Mimi pia nina mtoto Gredi ya Nne, yuko kwa mama yangu. Nyanya yake ana simu ya kubonyeza, haipigi picha. Mwanangu alitengeneza sanamu hiyo hiyo kwa mabua ya mahindi na gunia, peke yake, ikasimama shambani. Hakupeleka picha, akaandikiwa kwamba hajawasilisha kazi. Sasa niambieni, kati ya hao wawili nani amejua kutengeneza?

Baba Wawili
Dada, hilo ndilo nililokuwa nasema. Mama mwenye nyumba angekuwa anasimamia mwanawe…

Mama Tasha
Umesoma alichoandika au umetafuta tu neno "mama"? Anazungumzia mtoto aliyenyimwa alama kwa sababu ya simu!

Mwalimu Mwea
Achieng, mwalimu huyo angeweza kumwambia mtoto aibebe sanamu hadi darasani, aieleze mbele ya wenzake, apewe alama. Mwongozo haumkatazi. Kwangu watoto huja nazo mabegani.

Achieng wa Busia
Shule iko mbali, mwalimu. Anatembea. Lakini nitamwambia nyanya yake aende aonane naye.

Mzazi Pipeline
Ndiyo maana nikauliza tangu mwanzo. Kazi ikifanyiwa darasani, hata kwa vikundi vya watoto kumi na gunia moja, mwalimu anaona kwa macho yake nani amefunga kamba na nani ametazama tu. Ikija nyumbani anasahihisha mfuko wangu, au mikono ya Achieng. Mimi wiki ijayo naenda kumwomba mwalimu wetu hivyo, na nyasi za kikundi kimoja nitabeba.

Baba Wawili
Na baba yake mtoto atakuja pia? Nauliza kwa heshima, kwa kuwa nimeambiwa nitaje wanaume.

Mzazi Pipeline
Mimi ndiye baba yake.