Kikao cha kuvunja mzunguko: tuite mwezeshaji au mwenyekiti anatosha?

Katibu wa kikundi
Wakuu, habari zenu. VICOBA yetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ina wanachama 30. Mwezi ujao tunavunja mzunguko, yaani tunafunga mwaka na kugawana tulichoweka. Ajenda tatu: taarifa ya mwaka, mgao wa hisa, na madeni sugu, likiwemo la mwenyekiti. Yeye anasema kikao anakimudu, wengine wanataka mwezeshaji wa nje. Tuamueje?

Mwanakikoba
Mkuu, pitieni ajenda moja moja. Taarifa haihitaji mwezeshaji: mweka hazina anasoma, watu wanauliza, mnasonga. Kazi ipo kwenye madeni. Anayedaiwa hawezi kugawa zamu za kuongea deni lake likijadiliwa. Hata akitenda haki, atakayekatishwa ataamini amezibwa mdomo. Kwa ajenda hiyo tu, mwenyekiti ahamie kwa wanachama na kiti ashike mwingine.

Si lazima mlipe mtu wa nje. Mwanachama asiye na deni anafaa, mradi anaijua katiba yenu na akubali kutotoa hoja yake wala kupiga kura. Ila asitoke kwenye kundi dogo la watu watano wanaodhaminiana alimo mwenyekiti, maana hao ndio wadhamini wake. Deni lisipolipwa linawaangukia wao. Mkikosa mtu wa hivyo, hapo ndipo muite wa nje.

Daftari na Kalamu
Kwenye mgao, mwezeshaji hodari hawaokoi kama hesabu ni mbovu. Tuseme hisa ni 2,400, sandukuni mna 9,450,000 na madeni ni 150,000. Jumla ni 9,600,000, kwa hiyo hisa moja ni 4,000. Mwenye hisa 100 anastahili 400,000. Kama deni lote ni lake, anaondoka na 250,000. Wengi wanagawa fedha taslimu peke yake, hisa inashuka hadi 3,937.50, kisha bado wanamkata mdaiwa. Mwisho 150,000 zinabaki mezani hazina mwenyewe, na watu wanaanza kushukiana wizi. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, uwekeni kando kabla ya kugawa chochote.

Katibu wa kikundi
Nashukuru sana. Tukilazimika kuita wa nje, posho yake tuitoe wapi?

Mwanakikoba
Ikubalianeni kikao cha kabla, iandikwe kwenye muhtasari, na itolewe kwenye jumla kabla ya kupata thamani ya hisa. Mkikumbuka baada ya kugawa, mtaanza kuwachangisha watu waliokwisha kufunga pochi. Naye asiguse fedha wala funguo za sanduku. Funguo zibaki kwa wale wanachama watatu mliowakabidhi.