Bodi gani ndogo ya waifai haimalizi betri?

fundi_mchanga
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina sensa moja ya unyevu wa udongo na moja ya joto, nataka zinitumie vipimo kwa waifai kila nusu saa, na pale zitakapokaa umeme hamna kwahiyo ni betri tu. Nimeanza na bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, kila ikishatuma nailaza usingizi mzito (deep sleep), lakini betri ya miliampea-saa 2000 imekata siku ya nane tu! Nilisoma chipu hiyo ikilala inakula maikroampea 20 hivi, sasa umeme unaenda wapi? Nihamie bodi ya ESP32 au Pico W? Baadaye nataka kuongeza sensa ya pili ya udongo.

waya_mwekundu
Mkuu usihame kwanza, piga hesabu. 2000 gawanya kwa masaa 192 unapata kama miliampea 10, mchana na usiku. Hapo chipu haina kosa, ni bodi na vilivyofungwa juu yake. Regulata ya AMS1117, kile kipande kinachoshusha volti kwenye bodi, peke yake inakunywa kama miliampea 5 hata chipu ikiwa imelala fofofo. Halafu zima taa usiku uangalie bodi, kama kuna kataa kanawaka basi nako kanakula. Mimi nilihangaika sana na hili, nikaweka betri kubwa, nikapunguza vipimo, wapi, mpaka nilipopitisha mita kwenye waya wa betri ndio nikaona kila kitu.

Mama Solda
Naongezea hapo. Hiyo sensa ya udongo umeifunga moja kwa moja kwenye volti 3.3? Kama ndio basi haijawahi kulala hata siku moja, nyingi zinakula karibu miliampea 5. Ipe umeme kutoka kwenye pini, bodi ikiamka iwashe, isubiri kidogo, ipime, izime. Na kwa sensa ya pili ESP8266 itakubana, ina pini moja tu ya analogi, yaani ya kusoma volti ya sensa kama hiyo. Mimi ningechukua ESP32-C3, ikilala ni maikroampea 5 hivi, ila chagua bodi yenye regulata isiyokula na isiyo na taa ya umeme, na analogi utumie pini 0 hadi 4. Pico W naipenda sana kwa kujifunzia lugha ya programu ya MicroPython, kwa betri sikushauri. Ukichukua ESP32 ile ya zamani kumbuka pini za ADC2 (kundi la pili la pini za analogi) hazisomi sensa wakati waifai imewashwa, watu wengi wanadhani sensa imekufa.

waya_mwekundu
Na weka kapasita (inahifadhi umeme kidogo) ya maikrofaradi 470 karibu na pini za umeme, waifai ikiamka inavuta zaidi ya miliampea 300 kwa ghafla na betri ikichoka bodi inajizima inajiwasha.

fundi_mchanga
Mama Solda umenishika pabaya, ilikuwa imefungwa kwenye 3.3! Nimehamisha waya sasa hivi, mita imeshuka kutoka 10 hadi 5 na kitu. Iliyobaki ni regulata. C3 naagiza leo.