Pennsylvania: kura ya posta itupwe kwa kosa la tarehe tu?

Mwanzisha mada: Tangu Sheria ya 77 ya mwaka 2019, mpiga kura yeyote aliyeandikishwa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, anaweza kuomba kura ya posta bila kutoa sababu. Unatia karatasi kwenye bahasha ya siri, hiyo unaitia kwenye bahasha ya nje yenye tamko, unaweka saini na tarehe. Iwe imefika kaunti kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Mhuri wa posta hauiokoi. Maelfu ya kura zilizowahi zimekataliwa kwa sababu ya tarehe peke yake. Hii ni dhuluma! Kaunti ikipokea bahasha inasoma msimbo wake na siku ya kuipokea inaingia kwenye mfumo. Tarehe ya mpiga kura inathibitisha nini?

Mtetezi wa sheria: Ndugu, Bunge la jimbo limetaja tarehe pamoja na saini. Ukimruhusu karani kuamua sharti lipi lina maana, kaunti 67 zitakuwa na sheria 67. Na tarehe iliwahi kusaidia: mwaka 2022, kaunti ya Lancaster, kura ya marehemu ilikuja na tarehe ya Aprili 26, ilhali mwenyewe alifariki Aprili 14.

Mwanzisha mada: Kura ile isingehesabiwa hata bila tarehe, kwa kuwa aliyefariki kabla ya siku ya uchaguzi kura yake haihesabiwi. Tarehe iliongeza ushahidi kwa mwendesha mashtaka, nakubali. Lakini kwa hiyo moja tunafuta maelfu ya kura halali? Agosti 2025 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu, ambayo ni ya shirikisho, ilisema kuzikataa kunakiuka Katiba ya Marekani.

Mchangiaji: Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatari iko kwenye mazoea ya mkono. Novemba 2 tunaandika 2/11, Mmarekani anasoma Februari 11. Mwaka 2022 mahakama ya jimbo iliagiza kura za posta zenye tarehe nje ya Septemba 19 hadi Novemba 8 zitengwe, kwa hiyo wakati huo 2/11 ingeweza kumponza mtu aliyefuata kila kitu. Wengine huandika tarehe ya kuzaliwa. Anza na mwezi, na iwe siku uliyotia saini.

Bahasha ya siri nayo ni balaa lake. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kura isiyo na bahasha hiyo isihesabiwe, na bahasha haziruhusiwi kufunguliwa kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi. Tarehe inaonekana nje mapema, lakini upungufu wa ndani unaweza kugunduliwa muda umekwisha. Kaunti nyingine zilikuwa zikimjulisha mpiga kura, nyingine zilinyamaza.

Mtetezi wa sheria: Hapo tuko pamoja. Afadhali Bunge liruhusu bahasha zifunguliwe siku kadhaa kabla, kama Florida.

Mchangiaji: Mpaka hapo, ukiambiwa kura yako imekataliwa, nenda kituoni kabla ya saa 2 usiku uombe kura ya muda, ile inayowekwa kando hadi ihakikiwe. Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo ya jimbo ilisema ihesabiwe iwapo ya posta ilikosa bahasha ya siri. Bahasha yake ina nafasi zaidi ya moja za saini. Usiondoke dirishani kabla hujazijaza zote, maana ukiruka moja, nayo inakataliwa.