Mirihi tumeipiga picha yote, sakafu ya bahari bado: kipi kitangulie?

Mleta mada: Wakuu, siri za dunia hii zije kwanza, anga ifuate. Sitaleta ile hoja ya "watu wana njaa, roketi za nini", imeshachoka. Roketi zikisimamishwa leo, hakuna aliyeahidi kwamba fedha zitakwenda jikoni.

Hoja yangu ni ndege. Machi 8, 2014, MH370 ya Malaysia ilipotea na watu 239. Setilaiti iliyokuwa kilomita zipatazo 36,000 juu iliendelea kupata ishara zake kwa saa kadhaa, na kutokana na ishara hizo wataalamu wakachora mstari katika Bahari ya Hindi, wakaenda. Kufika huko, ramani ya sakafu ya bahari haikufaa kitu, ikabidi waichore upya kabla ya kuanza kutafuta, na wakakuta milima na mabonde yasiyojulikana na yeyote. Walipekua kilomita za mraba 120,000, Januari 2017 wakasimamisha. Vipande vichache viliokotwa ufukweni. Ndege yenyewe haijaonekana. Aliye mbali kiasi kile aliisikia, maji ya kina cha kilomita nne hivi yakaificha.

Mirihi karibu yote imepigwa picha kwa undani wa mita chache. Sakafu ya bahari iliyopimwa kwa vyombo vya mawimbi ya sauti ni kama robo tu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mfano wako unakusuta mwenyewe. Nani aliyekuonyesha pa kutafuta, kama si setilaiti?

Tena siri nyingine za dunia hazimo duniani. Miamba ya utoto wa sayari yetu karibu yote imesagwa na kuyeyushwa zamani. Kumbukumbu ya nyakati zile ilibaki Mwezini, na kilo 382 za mawe yaliyoletwa kati ya 1969 na 1972 ndizo zilizotufundisha mengi kuhusu tulikoanzia. Halafu kuna lile jiwe la miaka milioni 66 iliyopita lililowamaliza dainosari. Mwaka 2022 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye kijimwamba cha angani kiitwacho Dimorphos, muda wake wa kuuzunguka mwamba mkubwa ulio jirani ukapungua kwa zaidi ya dakika 30. Kazi hiyo utaifanya ukiwa chini ya bahari?

Mchangiaji wa pili: Mimi naongeza mkunga tu, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga wa Ulaya huzaa Bahari ya Sargasso, kule Atlantiki, watu wamemla karne nenda karne rudi, na hakuna aliyewahi kuona yai lake huko baharini. Samaki yuko sahanini, kwao hatukujui.

Mleta mada: Kwa lile jiwe umenibana, nakubali. La setilaiti, hapana: chombo kilicho juu kikitazama chini kinachunguza dunia, nakihesabu upande wangu. Na usidhani kutoka juu mtu huona kila kitu. Tundu la tabaka la ozoni lilitangazwa mwaka 1985 na watafiti waliokuwa wakipima kutoka ardhini, Antaktika. Setilaiti ilikuwa na takwimu hizohizo, ila namba zilikuwa ndogo mno, zikawekwa kando kama zenye walakini.

Ninachoshuku ni hiki. Angani mwanga unapita na redio inapita, kwa hiyo ukiwa na darubini nzuri unaona. Baharini redio inafia karibu na uso wa maji. Ndani ya ardhi ni kugumu zaidi: shimo la Kola, lililochimbwa kwa utafiti kule Urusi, lilikomea kilomita 12 na ushei, joto likiwa nyuzi 180, na hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Tunatazama kunakoonekana, kisha tunajiambia ndiko kwenye maana.

Mchangiaji wa kwanza: Basi ungesema mapema. Setilaiti unazitaka, ulinzi dhidi ya vimondo unautaka. Unagombana na nini hasa?

Mleta mada: Na safari ya kupeleka watu Mirihi. Mawe ya Mwezi nakuachia pia. Hiyo ya Mirihi mtu aitetee, na asiniambie habari za kuhama dunia, maana hata Antaktika, penye hewa ya bure, hakuna aliyehamia.