Naomba ushauri: duka la pembejeo la babu limeelemewa na madeni

Habari zenu wakuu. Duka letu la pembejeo alianzisha babu, akamwachia baba, na sasa baba amechoka, katukabidhi sisi ndugu watatu. Tunauza mbegu, mbolea na dawa za wadudu.

Shida ni mikopo. Tangu enzi za babu, mkulima huchukua mzigo wakati wa kupanda, akalipa akishavuna. Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele, wengi wakaambulia mabua. Daftari limejaa, na msambazaji anataka pesa taslimu. Kaka anasema tufunge mikopo kabisa. Mimi moyo unakataa, maana watu hawa ndio waliotusomesha, na mkulima asipopanda kwa wakati hata deni la zamani hatalipa.

Nimewaza tupokee sehemu ya deni kwa nafaka, ila inahitaji kukaushwa vizuri na ghala lisilo na unyevu, la sivyo sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu, itaingia.

Mliopitia hili, mlipangaje madeni ya zamani bila kupoteza wateja? Na je, sisi ndugu tuandikishane hisa sasa, baba angali hai? Natamani sana wanangu walikute duka hili.